Simu Niliyoijibu kwa Niaba ya Mke Wangu

Mke wangu alianza biashara ya bizari mwaka niliopunguzwa kazi. Mwanzoni wala haikuwa biashara. Jirani mmoja alikuwa na arusi ya binti yake, akaja kumwomba amtengenezee bizari ya pilau, kwa sababu pilau ya mke wangu ilikuwa na sifa hapa kwetu Kibokoni tangu nilipomuoa. Alimtengenezea, arusi ikapita, na wiki haikwisha wakaja wanawake wengine watatu kuuliza ile bizari imetoka wapi.

Mimi wakati huo nilikuwa sina kazi. Nilikuwa karani wa kampuni moja ndogo ya kutoa mizigo bandarini, na katikati ya miaka ile ya tisini kazi ilipungua, wakatupunguza na sisi. Nilikaa miezi saba. Lakini sikukaa nyumbani. Kila asubuhi nilivaa shati lililopigwa pasi, suruali na viatu, nikatoka na mkoba wangu kama mtu aendaye ofisini, nikapita mbele ya baraza za watu nikiwaamkia, "Sabalkheri, sabalkheri," mpaka nikatokea Ngome ya Yesu. Hapo nilikaa kwenye ukuta mfupi ulioelekea langoni, nikatazama waongozaji wa watalii wakigombania wageni. Wauza vinyago walinizoea. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kwa heshima kama mimi ni mtu wa serikali niliyetumwa kuwahesabu watalii. Nikamwambia ndiyo.

Adhuhuri nilirudi nyumbani, nikakuta chakula kimepakuliwa. Samaki, wali wa nazi, mchicha, ndimu imekatwa pembeni. Watoto wetu wawili walikuwa na sare za shule na madaftari. Sikuuliza vitu hivyo vyatoka wapi. Nilijua. Nilikula, nikanawa, nikasema alhamdulillahi, na sikumwambia ahsante hata siku moja.

Alifanya kazi yake uani, baada ya sala ya alfajiri. Kwanza viungo vilianikwa juani kwenye ungo, halafu akavikaanga katika karai, kila kimoja peke yake: dania, jira, pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Nilimuuliza siku moja kwa nini asivitie vyote pamoja amalize mapema. Akacheka. Akaniambia kila kiungo kina wakati wake, ukivichanganya motoni kimoja kitaungua na kingine kitabaki kibichi. Hakuwa na saa. Alisikiliza. Jira ilipoanza kutatarika kwa sauti fulani aliyoijua yeye, aliepua karai papo hapo. Kisha akatwanga kwenye kinu, akachekecha, akatwanga tena makapi, akachekecha tena. Alitia bizari katika mifuko midogo ya nailoni na kuifunga mdomo kwa moto wa mshumaa, kwa uangalifu, ili nailoni ishikane isitoboke.

Jina la bizari ile lilienea lenyewe. Mama wa maharusi walikuja kutoka Makadara na Kuze. Waliokuwa wakisafiri kwenda Uarabuni waliibeba kuwapelekea jamaa zao. Wenye maduka mawili ya jirani waliomba waiweke kwenye rafu zao. Ikafika hali kwamba watu waliikosa. Wakija Jumatatu aliwaambia warudi Alhamisi. Siku moja alinionyesha viganja vyake vilivyoota sugu, akasema, "Wateja wako. Viungo viko, nikienda Marikiti nachagua. Mikono ndiyo imefika mwisho."

Baadaye kampuni iliniita tena. Nilirudi kwenye meza yangu ya zamani, ila safari hii walinipa na simu, simu nyeusi ya mezani, ikawa ni mimi nipokeaye simu zote za wateja. Nilijiona mtu tena. Nilidhani sasa mke wangu ataacha kutwanga, na nikamwambia hivyo, kwa sauti niliyodhani ni ya huruma.

"Sasa pumzika," nikamwambia. "Mshahara upo."

"Sikuchoka na kazi," akanijibu. "Nimechoka na kinu."

Miezi michache baadaye, Jumamosi alasiri, akabisha hodi mwanamume mmoja mnene, mtu wa huko Kaloleni, Mkristo, mwenye adabu sana. Alikuwa mkuu wa stoo ya jikoni katika hoteli moja ya watalii pwani ya kaskazini. Alikula pilau katika arusi ya mfanyakazi mwenzake, akauliza, akaelekezwa kwetu. Tulimkaribisha ukumbini. Mke wangu alimletea maji ya ndimu, akakaa karibu na mlango wa ndani, mtandio kichwani, akamsikiliza.

"Mama," yule bwana alisema, "jikoni kwetu twatia bizari ya pakiti. Wageni hawajui tofauti, lakini mpishi wetu ajua, na mimi najua. Nataka yako. Kila wiki. Na duka la hoteli lataka mifuko midogo ya kuwauzia watalii waende nayo kwao."

Mke wangu aliuliza wataka kiasi gani. Alipotajiwa, hakushtuka. Alisema, "Kwa kinu siwezi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kuona." Akaeleza masharti bila kuzungushazungusha: bizari isagwe kwa mashine ili unga uwe wa namna moja kila mara, pawe na chumba mbali na jiko la nyumbani, chenye sakafu ya saruji na kuta zilizopakwa chokaa, na leseni. Yeye angezungumza na meneja wake kwanza. Meneja akikubali, angetupigia simu.

"Mna simu hapa?"

Hatukuwa na simu. Mke wangu alinitazama, uso umemng'ara. "Mpe ya ofisini kwako."

Nikachukua kalamu yangu mfukoni, nikamwandikia ile namba kwa mkono wangu.

Alipoondoka na mfuko mmoja wa bizari wa kumwonyesha meneja, mke wangu alizungumza kwa saa nzima, yeye ambaye kwa kawaida si msemaji. Nyumba yetu niliirithi kwa babangu, na chini kuna chumba chenye mlango wake wa nje. Babangu alikuwa fundi wa kushona kanzu na humo ndimo alimokuwa akifanyia kazi. Tangu afe tulitupa humo vitanda vibovu na makasha. Mke wangu alikuwa ameshakipanga chote kichwani: mashine pale penye dirisha, waya wa stima ushuke kutoka kwenye mita, meza ya kufungia mifuko upande wa pili. Dada yake mjane aliyekaa Majengo angekuja kufanya kazi naye, na majirani wawili ambao waume zao walikuwa kama mimi nilivyokuwa, hawana kazi. Pesa za mashine alikuwa nazo; alikuwa amecheza mchezo na wenzake, ule wa kuchangishana kila mwezi na mmoja kupokea, na zamu yake ilikuwa imefika.

"Chumba wanipa?" akaniuliza.

"Chukua," nikamwambia. "Nyumba ni yako."

Nilimaanisha. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii kitu. Siku ile nilimaanisha.

Siku iliyofuata alitoa makasha yote nje na kufagia. Mtaa mzima ukaona.

Wakati ule, kila siku baina ya alasiri na magharibi, nilikaa na wenzangu kwenye baraza moja karibu na msikiti. Tulikuwa sita au saba. Mmoja alikuwa mwenye duka la vitambaa, mtu mzima, rafiki wa marehemu babangu, ambaye nilimheshimu kama baba mdogo. Mwingine tulisoma naye chuo cha Kurani tangu tukiwa watoto. Tulikunywa kahawa, tukazungumza habari za mpira, za siasa, za watu waliohamia Ulaya. Siku ile nilipofika walikatiza maneno, kama watu waliokuwa wakinizungumzia.

"Nasikia kwenu kwafunguliwa kiwanda," akasema yule wa vitambaa.

"Si kiwanda, baba. Ni bizari tu."

"Mashine, wafanyakazi, wageni wa hotelini waingia na kutoka. Kama si kiwanda ni nini? Na katika chumba cha marehemu!"

Yule niliyesoma naye akanipiga begani. "Yakhe, na wewe utakuwa nani humo? Karani wa mkeo?"

Wakacheka. Nikacheka nami. Ingekomea hapo ningesahau. Lakini akaongeza, bado akicheka, "Lakini haya, huyu ameshazoea. Ile miezi aliyokuwa akivaa shati kwenda kukaa Ngomeni, si alilishwa na kinu?"

Basi wote walikuwa wakijua. Miezi saba nilipita mbele yao na mkoba wangu, wakanijibu "Sabalkheri" kwa uso mkavu, na walikuwa wakijua naenda kukaa ukutani. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kahawa yangu sikuimaliza, na kwamba nilipofika nyumbani nikamkuta mke wangu anapaka chokaa ukuta wa kile chumba, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, nilimwonea hasira, kana kwamba ni yeye aliyeniaibisha.

Simu ilikuja Jumanne, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa nikijaza fomu za shehena ya vigae. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa akimenya njugu.

"Naulizia mama wa bizari."

"Sema, nitamfikishia."

"Ah, bwana, habari za asubuhi! Mimi natoka hotelini. Meneja amekubali. Mwambie mama aje Alhamisi saa nne, aje na bizari kidogo wapishi waionje, kisha tuandikishane. Na asiwe na haraka ya leseni, nitamwelekeza."

Yule mwenzangu aliinua uso kunitazama, akarudi kwenye njugu zake.

"Haloo?" akasema yule bwana.

"Nakusikia," nikasema. "Kazi hiyo ameiacha."

"Ameacha? Mbona wiki mbili tu zilizopita..."

"Ni mambo ya nyumbani. Ameacha."

"Hakuna mtu wa kuishika? Hata ndugu yake?"

"Hakuna."

Akasikitika. Alisikitika kweli, nilimsikia. Akasema, "Basi msalimie sana. Mwambie mkono wake ni wa ajabu." Nikamwambia nitamsalimia. Nikaweka mkono wa simu mahali pake na kuendelea na fomu za vigae.

Watu wakisimulia mabaya waliyoyafanya husema walishikwa na shetani, au waliona giza. Mimi sikuona giza. Asubuhi ilikuwa nzuri, dirisha lilikuwa wazi. Hati yangu kwenye fomu ile haikutetemeka. Nilijisikia hata nafuu kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, na hiyo nafuu ndiyo siwezi kuisamehe.

Nilipofika nyumbani aliniuliza kabla sijavua viatu. "Hakuna simu?"

"Hakuna."

Aliniuliza kesho yake na keshokutwa. Wiki ya pili akawa haniulizi, ananitazama tu nikiingia. Wiki ya tatu nilimkuta amevaa buibui, mkoba mkononi.

"Naenda mwenyewe," akasema. "Huenda karatasi ile ilimpotea."

"Mtu akikuhitaji atakutafuta," nikamwambia. "Ukienda mbio hotelini watakuona mwombaji. Nawe ni mke wa mtu."

Alisimama pale mlangoni muda mrefu. Kisha akavua buibui akalitundika. Alinitii. Miaka yote ile aliponitii nilijiona mume mwema, na sikujiuliza hata mara moja utii huo ulimgharimu nini.

Kisha akaanza kuishuku bizari yake. Nilimwona uani akikaanga jira kidogo, akiionja, akiitema. Alipunguza karafuu. Siku nyingine aliondoa mdalasini kabisa. Alikuwa na hakika kwamba wale wapishi wa hoteli, watu waliosomea upishi, waligundua kasoro ambayo sisi wa mtaani hatukuijua. Jioni moja alikuja na bizari kiganjani, akanyoosha mkono mpaka karibu na mdomo wangu.

"Onja. Sema kweli. Ina uchungu?"

Nikaonja. Ilikuwa bizari ile ile iliyonilisha miezi saba. Haikuwa na uchungu wowote. Nikasema, "Sijui. Labda kidogo."

Uongo wa simu nilimwambia mtu baki. Huu nilimwambia yeye, machoni, naye akaupokea kama ushauri.

Aliibadilisha bizari mpaka ikawa si yake. Wateja wa zamani wakalalamika kuwa haina harufu. Wenye maduka wakarudisha mifuko. Zile pesa za mchezo ziliezeka upya paa la jikoni. Ramadhani iliyofuata aliwatengenezea jamaa tu, na baada ya Idi akaosha kinu, akakigeuza kifudifudi kwenye pembe ya ua. Makasha na vitanda vibovu nilivirudisha mimi mwenyewe kile chumbani. Kwenye baraza hakuna aliyenitania tena.

Mwaka mmoja au miwili baadaye alikuja msichana wa chuo, ana fomu zake, akizunguka Mji wa Kale kuwauliza wanawake habari za biashara zao ndogo na kinachozizuia kukua. Alielekezwa kwetu na jirani. Nilikuwapo, nasoma gazeti. Alikuwa msichana mpole, akasoma maswali kwa Kiswahili cha shuleni. Mke wangu alijibu yote. Je, ulikosa mtaji? Hapana, nilikuwa nao. Mahali pa kufanyia kazi? Mume wangu alinipa. Soko? Lilikuwapo. Stima? Ilikuwapo. Ulikuwa na watu wa kukusaidia? Ndiyo. Msichana akazungusha kalamu hewani, akasema fomu yake haina swali jingine, basi mama mwenyewe aseme kwa maneno yake, kilichoizuia biashara ni nini.

Mke wangu akafikiri. "Andika kwamba bizari yangu haikuwa nzuri," akasema. "Mimi nilidhani ni nzuri kwa sababu watu walikuwa wakinipenda."

Msichana akaandika. Nami nikafungua ukurasa mwingine wa gazeti. Gazeti lilikuwa kati yangu na wao, ningeweza kulishusha. Nilihesabu pumzi zangu nikisubiri yule msichana aondoke.

Mambo yalijulikana asubuhi moja ya Jumamosi. Tulikuwa tumealika jamaa wa kwao, na mimi nikamwambia twende Liwatoni pamoja, tukachague nguru wenyewe wavuvi wanapopakua. Palikuwa na watu wengi, sakafu imelowa, makreti ya samaki yanaburutwa. Nilikuwa nimeshika kikapu. Mara nikasikia sauti nyuma yetu, "Mama wa bizari!"

Alikuwa yule bwana. Amekonda kidogo, ana mvi. Akatueleza kwa furaha kwamba alishaondoka hotelini, sasa ananunua samaki kwa mkahawa wake mwenyewe huko Mtwapa. Wakaulizana hali. Mke wangu alikuwa na haya, ametazama chini, akasema, "Nisamehe, bwana. Nilijua baadaye kwamba bizari haikuwafaa."

"Haikutufaa vipi?" Yule bwana alishangaa. "Mama, nilipiga simu! Meneja alikubali, wapishi walikuwa wakikungoja. Bwana mmoja akaniambia umeacha, mambo ya nyumbani. Nilisikitika mno. Tulirudia bizari ya pakiti."

Hakunikumbuka. Alinitazama kama atazamwavyo mtu aliyeshika kikapu cha mkewe. Mke wangu aligeuza kichwa polepole, akanitazama. Sikuweza kuyatazama macho yake, nikatazama mikono yake.

Nilitegemea aseme. Mbele ya watu wote wale alikuwa na haki ya kusema. Lakini alimgeukia yule bwana, akasema kwa sauti tulivu, "Pengine alikosea mtu, huyo bwana. Simu za ofisini zachanganyika."

"Pengine," akasema yule bwana, na nadhani hapo ndipo alipofahamu, maana aliniangalia tena, kisha akaaga haraka.

Hatukununua nguru. Tulirudi kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Kibokoni, jua la saa tano, yeye mbele na mimi nyuma hatua tatu nne. Watu walimsalimia njiani naye akawaitikia vizuri. Tulipoingia nyumbani alikaa kwenye kiti cha ukumbini bila kuvua buibui.

"Ilikuwa siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

"Na mimi nilikuuliza Jumanne hiyo hiyo?"

"Uliniuliza."

"Kwa nini?"

Nilianza kumweleza habari ya baraza, maneno waliyoniambia, mambo ya Ngomeni. Nilijisikia nikizungumza, na kila neno lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Hayo ningeyafahamu," akasema. "Ungeniambia, 'Mke wangu, naona haya, usifanye,' ningelia nikanyamaza. Lakini ulionja mkono wangu ukaniambia una uchungu. Miaka yote hii napika jikoni mwangu kwa wasiwasi. Watoto wakisifu chakula nawaona waongo."

Nilipiga magoti, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mtu, nikamwomba radhi. Akasema, "Inuka, wageni wako njiani," akaenda kupika. Walipokuja aliwachekea, akanipakulia sahani yangu kama kawaida.

Jumatatu asubuhi nilikitoa kila kitu kwenye kile chumba. Nilinunua chokaa, nikakipaka mwenyewe baada ya kazi, siku nne. Nilitafuta fundi wa stima akashusha waya. Ilipokuwa tayari nilimwita akaja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Kizuri," akasema. "Lakini sikitaki."

"Ni chako. Nitakuandikia."

"Leo utaniandikia, na wakikucheka tena?" Hakusema kwa ukali. "Nitafanya kwa dada yangu."

Na ndivyo alivyofanya. Kwa dada yake mjane, huko Majengo, katika chumba cha nyuma chenye sakafu iliyopasuka, walianza wawili kwa vinu viwili. Ilimchukua muda kurudia kipimo chake cha zamani. Dada yake alikuwa na mfuko mmoja wa siku zile aliousahau kabatini, na kwa huo walinusa wakakisia. Hoteli ilikuwa imeshapita, watalii nao walikuwa wamepungua, na wakati huo wanawake wengine wawili mjini walikuwa wameshaingia na bizari zao za pakiti nzuri zenye picha. Alikuja nyuma yao. Mpaka muongo ule unakwisha walikuwa wamenunua mashine moja, ndogo, iliyotumika, na walikuwa wakipeleka bizari katika maduka machache ya Majengo na Makadara. Iliwatosha. Lakini nilijua nilichokiona siku ile ukumbini, ile saa nzima aliyozungumza, na hii haikuwa hiyo.

Walivuta simu yao huko Majengo. Namba hiyo niliijua kwa kuisoma kwenye mfuko wa bizari dukani, kama mteja mwingine yeyote.

Niliendelea kwenda barazani kwa miezi kadhaa, sijui kwa nini. Alasiri moja maneno yakageukia wanawake na biashara, na yule mzee wa vitambaa akanitolea mfano. "Huyu ya mkewe aliizima mapema," akasema. Ndipo nikasema. Niliwaeleza yote, simu, na kuonja, na msichana wa fomu, na Liwatoni. Nilidhani nitaona nyuso zao zikibadilika. Nilitaka mmoja wao anitukane.

Yule niliyesoma naye akatikisa kichwa kwa kukubali. "Kusema uongo si vizuri," akasema, "lakini ulifanya lililompasa mume." Na mzee wa vitambaa akaniombea dua. Muuza kahawa alikuwa amefika, wakanijazia kikombe.

Asubuhi yake nilimkuta mke wangu jikoni, anakunywa chai amesimama, tayari kuondoka kwenda Majengo. Nikamwambia nimewaeleza wale wa barazani.

"Wakasemaje?"

"Walinisifu."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Liwatoni akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Basi na wake zao waulizwe," akasema, "simu zao zilikatwa wapi."

Akavaa buibui, akaniambia mchuzi wa mchana uko kwenye sufuria ndogo nisisahau kuupasha, akatoka.